Tulivyolea kichanga Njombe bila jiko chumbani

Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla sijaolewa, baridi niliyoijua ni ile ya Julai ya pwani: unajitupia khanga ya pili mabegani, mambo yamekwisha. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya mwezi wa sita na wa nane kuna asubuhi unakuta sakitu imeweka weupe juu ya majani ya viazi. Nami nikajifungua katikati ya Julai.

Mama mkwe alikuja kunilea uzazi. Alishuka kwenye basi na gunia la mkaa wa miwati, mablanketi mawili na jiko lake mwenyewe, maana la kwangu alilidharau. "Mzazi hapigwi baridi, mwanangu. Na kichanga ndiyo kabisa." Kila jioni jiko lilikolezwa uani, likapepewa hadi makaa yote yakawa mekundu na moshi umekwisha, ndipo likaingizwa chumbani. Kwa hilo alikuwa mkali; mkaa unaofuka haupiti mlangoni kwake. Pembeni aliweka beseni la maji, eti livute sumu. Kabla ya kulala aliyafunika makaa kwa majivu ili moto ukae mpaka alfajiri.

Niseme kweli, nilipenda. Chumba kilikuwa na joto kama la kwetu.

Siku ya tatu kikaanza kichwa. Ninaamka kinagonga, tumbo linachafuka, miguu mizito kama nimelima. Nikitoka kuota jua uani, ikifika saa nne kimepungua, na jioni mimi ni mzima. Mama naye kichwa. Yeye alisema ni mafua yananyemelea, mimi nikasema ni kuamka usiku kunyonyesha. Hakuna aliyekuwa na homa. Siku hizi nikisikia watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa asubuhi na wakitoka nje wanapona, nauliza kwanza: usiku mnalala na nini humo ndani?

Mtoto, yeye alikuwa analala tu. Mpaka mama akamsifu kwa majirani: mpole, hasumbui, joto limemkubali. Hata mimi nilijisikia fahari. Ninapokumbuka sifa zile mwili hunisisimka.

Usiku wa tano upepo ulikuwa mkali. Tukaziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa magazeti, tukasukuma blanketi kuukuu chini ya mlango. Mume wangu alikuwa njiani akirudi kutoka Dar alikopeleka viazi na lori. Kama saa tisa usiku nikaamka kunyonyesha. Akili iliamka, miguu ikakataa. Nikadhani ni jinamizi, nikaanza kuomba kimoyomoyo kama nilivyofundishwa na bibi. Sijui nililala tena au vipi. Kilichofuata ni hodi. Namsikia mume wangu mlangoni, namjibu, sauti haitoki. Mama yuko chini kwenye godoro, kimya. Mtoto kimya.

Aligonga, akaita, akazunguka dirishani, akavunja kioo kwa spana ya magurudumu. Ananiambia nilimtazama tu, macho wazi, sisemi. Alitutoa mmoja mmoja hadi uani kwenye baridi ile tuliyokuwa tunaikimbia, na huko ndiko mtoto alikolia. Kilio chembamba kama cha paka.

Hospitali daktari hakuuliza tunaumwa nini. Aliuliza, "Mlilala na jiko?"

Nesi alinibana kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, kikaandika 98. Mume wangu akashusha pumzi, akasema basi hewa ipo. Daktari akatikisa kichwa, akasema kwa jambo hili kifaa hicho kinadanganya. Damu iliyobeba gesi ya mkaa nayo ni nyekundu, na kifaa hakiwezi kuitofautisha na damu iliyobeba oksijeni. Tukavishwa barakoa za oksijeni wote watatu, mtoto na yake ndogo.

Tukiwa pale kitandani ndipo nikaelewa kitu ambacho shuleni kilinipita. Gesi inayoua siyo hewa ukaa, yaani kaboni dioksaidi, ile tunayoitoa kwa pumzi. Wengi tunazichanganya kwa sababu ya majina. Hii ni kaboni monoksaidi, nayo hutoka pale mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ukipumua hewa ya kawaida, inachukua saa nne au tano kupungua hadi nusu. Ukiwa kwenye barakoa ya oksijeni safi, ni kama saa moja, moja na nusu. Kichanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huivuta haraka zaidi.

Nikaanza kuhesabu makosa yetu, na kila moja tulilifanya kwa uangalifu mkubwa. Moshi tulioukataa mlangoni angalau ungetukohoza. Mkaa uliokolea hauna moshi lakini gesi unayo tele. Majivu yale yaliunyima hewa, ukazidi kuitoa. Beseni halikusaidia kitu, gesi hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa. Wala hakukuwa na nafuu ya kulala juu au chini: uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, inaenea chumba kizima.

Tuliruhusiwa kesho yake, tukaambiwa turudi upesi tukiona usahaulifu au mtu kubadilika tabia, kwa kuwa madhara mengine hujitokeza baada ya wiki kadhaa. Mama akamwambia daktari, "Baba, mimi nasahau tangu zamani, mtajuaje?" Ndiyo mara ya kwanza tulicheka.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mimi ni mkwe, tena mgeni wa pwani. Nitamwambiaje mama aliyelea watoto sita na wajukuu? Alishaanza kusema, "Wote sita nimewalea na jiko karibu na kitanda, na huyo mumeo mmojawapo." Na ni kweli. Nilikaa na neno hilo siku mbili. Kisha nikamwomba anisimulie nyumba aliyozalia. Akasimulia kwa furaha: ukuta wa udongo, paa la nyasi, kati ya ukuta na paa kuko wazi, asubuhi unaona mwanga unapenya. Nikamwambia, "Mama, sasa tazama hii." Bati, silingibodi, sakafu ya saruji, dirisha la alumini linalofunga kama mfuniko wa sufuria, na matundu tuliyoziba wenyewe. Akatazama juu muda mrefu. "Kumbe nyumba ile ilikuwa inapumua," akasema. Sikuongeza neno.

Jiko likahamia jikoni uani, halikurudi chumbani hata kwa dakika tano. Mume wangu alinunua hita ya umeme ya wati 2,000. Ilitupa joto, ikatupa na presha: kila saa moja ni uniti 2 za LUKU. Tukaiwasha nusu saa tu wakati wa kumwogesha mtoto. Usiku tulitegemea mengine. Mchana mapazia wazi na dirisha wazi, jua liingie. Ikifika saa kumi jioni tunafunga kabla baridi haijashuka, lakini matundu ya juu hayaguswi. Sakafuni tulitandika mkeka na juu yake zulia. Maji yalichemshwa uani, yakapoa kidogo, yakatiwa kwenye dumu la lita 5, likafungwa kitenge na kulazwa kitandani nusu saa. Mtoto akiingia, dumu linatoka, kwa sababu ngozi ya kichanga huungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida.

Lakini kilichofanya kazi kuliko vyote hakikuwa na gharama. Manesi walinifundisha kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na nepi, kofia na soksi tu, kisha khanga na sweta juu yetu wote wawili, kama kangaruu. Nilidhani ni mambo ya njiti peke yao. Mimi nilichoka upesi. Mama ndiye aliyekuwa fundi. Anaketi ameegemea ukuta, mjukuu kifuani, anaongea Kibena chake polepole, na ukigusa mgongo wa mtoto una joto zuri. Akianza kusinzia, ananikabidhi. Na mtoto akawa anaamka kila baada ya saa mbili, analia kwa fujo. Nilivipenda vilio vile.

Baadaye shemeji aliye Uingereza alitutumia king'ora cha kuonya gesi hiyo, kidude kidogo cha betri. Siku moja wifi alileta jiko koridoni achome mahindi kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Kidude kilipiga kelele kabla mahindi hayajaiva, na wifi akadhani ameshika kitu cha umeme.

Beseni la maji, hilo mama hakuliacha. Mpaka leo akija huliweka pembeni ya kitanda, na siku hizi anatia na shubiri. Mimi namwacha, jiko halimo. Anayepata taabu ni mume wangu, akiamka usiku kwenda msalani hutia mguu humo.