Msizi wa Amani

Nilipelekwa Amani, kule milimani Tanga, kwa mafunzo ya vitendo nikiwa mwanafunzi wa misitu. Kazi niliyopewa ni kufuatana na mzee mmoja mtunza bustani, kukagua miti iliyopandwa enzi za Wajerumani.

Wajerumani walianzisha kituo chao pale Usambara Mashariki mwaka 1902. Mteremko wenyewe uliwafaa, maana mmea uliokataa Sigi bondeni ulijaribiwa juu Amani kwenye ubaridi. Wakaleta mkafuri, mdalasini, mikaratusi, miti ya mpira ya kila namna. Wakaleta na mkwinini, na vita ya kwanza ya dunia ilipopiga, meli za Waingereza zikaziba bahari, magome yake ndiyo yakawapa askari wa Kijerumani dawa ya malaria.

Tulipofika kwenye mti mmoja nikapaza sauti. Shina limenyooka, gome la kijivu lenye mifereji, majani yana meno ukingoni. Mimi ni mtu wa Bukoba, mti huo nimekua nikiuona.

"Mzee, huu si msizi? Huu wa kwetu!"

"Huku tunauita mhesi," akasema. "Uliletwa kabla ya vita ile. Njoo uone ulikofika, mwanangu."

Tukatoka bustanini, tukaingia msituni. Mzee akachutama, akafukua majani makavu kwa ncha ya panga. Chini yake kulikuwa na kokwa ngumu zilizotapakaa, na miche imesongamana, mingine haijazidi kidole. Juu yetu ndege hondohondo walikuwa wakipiga kelele. Ndio wanaomeza tunda zima, kisha kokwa wanaidondosha mbali na mti mama. Lakini mche wa msizi unataka jua, na jua hilo lililetwa na watu: magogo yalivunwa sana humo miaka ya 1970 na 1980, msitu ukabaki na matundu. Kila penye tundu, msizi umesimama, na miti isiyopatikana popote duniani ila milima hii inakosa nafasi.

Iliniuma kama kusikia ndugu yangu anashtakiwa ugenini. Mpaka leo sikubali kuuita mti mbaya. Kwetu una mahali pake. Lawama yangu ni kwa mikono iliyoupanda, na zaidi kwa iliyofungua msitu baadaye.

Mchana mzee alinikaribisha kwake. Mama mwenye nyumba akatupakulia ugali na kisamvu cha mpira, yaani majani ya mti wa mpira ulio jamii ya muhogo, kimeungwa kwa nazi. Mpira huo nao ulitoka Brazili. Wajerumani waliulima kwa mashamba makubwa Tanga, bei ikaanguka mwaka 1913, mashamba yakatelekezwa. Majani yakaingia chunguni. Kisha Waingereza walipokishika kituo, watafiti wa Amani wakauzalisha na muhogo ili kupata mbegu ya muhogo inayostahimili ugonjwa wa batobato. Hakuna aliyeuleta kwa nia hiyo.

"Na huu tuung'oe?" mzee akaniuliza, akinisogezea bakuli.

Nikamwambia hapana, huo ubaki.

Alasiri tukarudi kule msituni, tukang'oa miche ya msizi kandokando ya njia mpaka mvua ikatutoa. Udongo ulikuwa umelowa, miche ikitoka kwa urahisi, na mzizi wake ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.