Strungi kwenye chupa: nilivyojiandaa kwa mtihani wa urubani wa kijeshi

Nilipowaambia watu wa nyumbani, kule mtaa wa Umoja, Nairobi, kwamba nimeomba nafasi ya ukadeti na kwamba moyo wangu uko kwenye urubani wa Jeshi la Wanahewa, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kwamba nitafute mkubwa wa kunishika mkono, nimpe chochote. Wa pili ulikuwa kwamba ninunue maswali ya miaka iliyopita. Ule wa kwanza niliukataa papo hapo, kwa sababu matangazo ya kuandikisha wanajeshi husema waziwazi kwamba shughuli hiyo haina malipo, na sikutaka kuanza kazi ya heshima kwa kosa la jinai. Wa pili, kwa masikitiko yangu, niliukubali, ukanigharimu shilingi elfu tatu na kitu pamoja na majuma matatu ambayo sikuyapata tena.

Mwalimu mmoja wa masomo ya ziada mjini aliniuzia rundo la karatasi zilizotolewa nakala mara nyingi hadi herufi zikafifia, akaniagiza nikariri majibu na niache wazi kila swali nisilolijua. Baadaye niligundua kwamba zilikuwa kurasa za AFOQT, mtihani ambao Jeshi la Anga la Marekani huwapa wanaotaka kuwa maofisa, na kwamba katika mtihani huo jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo kuacha wazi ni kujinyima bure. Sioni ubaya wa kufanyia mazoezi mtihani wa nchi nyingine. Popote pale mitihani ya aina hii hupima mambo yanayokaribiana: kusoma vipimo vya ndege, yaani saa zilizo mbele ya rubani, kwa kutazama mara moja, kutafuta namba katika jedwali kwa kasi, kuhesabu kichwani, na kujua daima umeelekea upande gani wa dira. Ubaya ni kukariri. Ukishajua kwamba jibu la swali la saba ni C, hujui chochote siku ambayo picha ya swali la saba imebadilishwa.

Kilichonishinda kabisa kilikuwa kipimo kiitwacho upeo bandia, kinachomwonyesha rubani ndege imelalia upande gani. Ni duara ambalo nusu yake ya juu ni samawati, yaani mbingu, na nusu ya chini ni kahawia, yaani ardhi, na katikati kuna alama ndogo ya ndege isiyosogea. Unaonyeshwa duara hilo pamoja na dira, kisha unachagua, kati ya picha kadhaa za ndege, ile inayolingana na vipimo hivyo. Katika maswali ishirini nilikosa kumi na saba, na karibu yote niliyakosa kwa namna moja: ndege iliyolalia kulia nilisema imelalia kushoto. Nilirudia siku nne mfululizo, nikaendelea kukosa vilevile.

Siku ya Jumapili nilimpelekea karatasi mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi wa injini za ndege katika Uwanja wa Wilson kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Mjomba, mbona kila jibu langu limegeuka?"

Akazitazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Kwa sababu unaitazama ndege ukiwa umesimama chini, mama. Ingia ndani yake."

Kisha akaomba chupa tupu ya nusu lita, ile ya plastiki, akaijaza strungi, yaani chai isiyo na maziwa, iliyopoa, hadi katikati. Sikuelewa kwa nini asitumie maji, hadi alipoiinua dhidi ya dirisha: chini rangi ya udongo, juu mwanga wa mbingu. Akachora kwa kalamu ya wino mzito mstari mfupi wenye nukta katikati, mabawa na mwili wa ndege, sawasawa na usawa wa chai. Akaniamuru niishike mbele ya uso na kuiinamisha kulia, kisha niinamishe kichwa changu pamoja nayo mpaka mabawa yale yaonekane yamelala sawa mbele ya macho yangu. Nikafanya hivyo. Ncha ya kulia ya mstari wa chai ikapanda. Mabawa yangu hayakusogea hata kidogo. Dunia ndiyo iliyopinda. Nilihisi ubaridi wa furaha mgongoni, kwa kuwa siku nne nzima nilikuwa nikidhani kwamba ule mstari wa upeo ndio ndege.

Tangu hapo nilitembea na chupa ile kila mahali, na hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonisumbua upya. Nikiwa kwenye matatu ya kwenda mjini kwa Jogoo Road, niliishika wima magotini nikitarajia chai ibaki sawa na upeo. Tulipoingia mzunguko wa City Stadium, dereva akikata kona kwenda kulia, chai ikapanda upande wa kushoto wa chupa na kubaki hapo, ilhali nje mapaa ya nyumba yalikuwa yamenyooka kama kawaida. Niliona kwamba kifaa changu ni cha uongo. Jioni nilipomweleza mjomba alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alinifafanulia kwamba chai haijui upeo uko wapi; inafuata tu nguvu zinazoivuta na kuisukuma. Katika ndege inayopinda vizuri, bila kuteleza pembeni, chai ndani ya kikombe hubaki sambamba na sakafu ya ndege hata kama bawa moja limeelekea ardhini, na maji yaliyo ndani ya sikio la rubani hudanganyika vivyo hivyo. Ndiyo sababu rubani aliye ndani ya wingu anaweza kuapa kwamba amenyooka huku anapinda, na ndiyo sababu upeo bandia huendeshwa na jairoskopu, gurudumu linalozunguka kwa kasi na kushikilia mwelekeo wake ndege ikigeuka. Baada ya maelezo hayo sikuhitaji kukariri kitu chochote kuhusu kipimo kile.

Mambo mengine yalikuwa ya kujizoeza tu. Kwa majedwali nilichukua kitabu changu cha zamani cha logi, kile cha kidato cha nne. Ndugu yangu mdogo anataja "tatu nukta saba, chini ya nne", yaani mstari wa 3.7 na safu ya 4, nami natafuta 5729, kidole cha kushoto kikishuka na kalamu ya kulia ikivuka. AFOQT hutoa dakika 7 kwa maswali 40 ya majedwali, yaani sekunde kumi na nusu kwa kila moja. Nilianza na kumi na tisa, nikafika arobaini mwezi ulipokwisha. Kwa dira, kinyume cha mwelekeo hupatikana kwa kuongeza mia mbili na kutoa ishirini, au kutoa mia mbili na kuongeza ishirini namba ikiwa zaidi ya 180. Njia za kurukia za Wilson zinakufundisha hesabu hii bila malipo, kwa kuwa namba zake ni digrii za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: 07 na 25, 14 na 32, yaani takriban digrii 140 upande mmoja na 320 upande wa pili. Kwa mwendo, kumbuka kwamba maili 120 kwa saa ni maili mbili kwa dakika, na kwamba kwa dakika sita ndege huenda sehemu ya kumi ya maili inazokwenda kwa saa.

Maswali ya siku yenyewe sitayataja, kwa kuwa tuliombwa tusiyatoe nje. Nitasema tu kwamba nilipofika kwenye ukurasa wa vipimo nilijikuta nimeinamisha kichwa kulia, na msimamizi akanikazia macho akidhani natazama karatasi ya jirani. Nikanyoosha shingo, nikafumba macho kidogo, nikaiona strungi ikipanda. Nilimaliza nikiwa na muda wa kurudia maswali matatu niliyoyatilia shaka. Majina yaliposomwa, langu lilikuwa la nne, na mjomba nilimpigia simu kabla sijavuka lango.