Theluji ya Machipuko Haina Subira

Mwaka huu nimeamua kwenda kuteleza kwenye theluji mwezi Aprili badala ya Januari, na jambo la kwanza nililolitazama kwenye ramani halikuwa hoteli, bali mwinuko. Kijiji cha Val Thorens, katika milima ya Alpi nchini Ufaransa, kiko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na katika majira haya urefu huo una maana kuliko uzuri wa chumba. Miteremko inayoelekea kaskazini, kwa kuwa hupata jua kidogo, hutunza theluji yake kwa muda mrefu zaidi.

Ratiba ya siku nayo inabadilika. Usiku theluji iliyoyeyuka huganda, hivyo alfajiri mteremko huwa mgumu na skii, zile mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni, hukwaruza kama kisu juu ya kigae. Kisha, jua likishapanda, tabaka la juu hulainika kwa sentimita chache tu, na hapo ndipo raha ilipo. Ifikapo mchana huwa uji mzito unaochosha magoti (yangu hayahitaji kuchoshwa zaidi), na nje ya njia zilizoandaliwa hatari ya maporomoko ya theluji yenye maji huongezeka. Kwa hiyo nitaanza mapema na kumaliza mapema.

Kwenye begi naweka nta ya kupaka chini ya skii, ile ya theluji isiyo baridi sana, nguo nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine, miwani na krimu ya jua, kwani theluji hurudisha usoni miale iliyokwisha kutuchoma kutoka juu. Kabla ya kulipa, nitathibitisha tarehe ya kufungwa kwa lifti zinazopandisha watelezaji mlimani.