Vikombe Vinane vya Shangazi

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na haikuchukua muda bei ya makaa ikapanda hapa Nairobi. Nikamnunulia Shangazi, anayeishi Umoja, mtungi wa gesi. Alishukuru, akausukuma pembeni, akaendelea na jiko lake. "Chai ya gesi haina ladha, mwanangu. Hata ukinifunga macho nitaijua."

Neno hilo la kufungwa macho lilinikaa. Nilikuwa nimesoma habari za Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, na mwenzake kazini Muriel Bristol, aliyeshikilia kwamba akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au yalifuata. Fisher hakubishana naye, alimwandalia vikombe. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1935, vikombe ni 8, vinne vya kila aina, navyo vinaletwa bila mpangilio. Kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja tu kati ya 70 ya kupata vyote.

Jumamosi moja binamu yangu akapika sufuria mbili, maji, maziwa, majani na sukari kwa kipimo kilekile, moja kwenye makaa na nyingine kwenye gesi. Akachuja, akatia kila chai katika chupa yake ili joto lisimwambie Shangazi lolote. Mpangilio wa vikombe aliupata kwa kuokota vikaratasi vya kura. Mimi nilivibeba hadi sebuleni bila kujua kipi ni kipi, maana Shangazi amenilea, anausoma uso wangu vizuri kuliko kitabu. Alionja taratibu, akisukutua kinywa kwa maji kila mara. Vinne kushoto, vinne kulia.

Alipata vyote vinane.

Nilifurahi kwa ajili yake. Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nilipokumbuka kwamba sufuria ya makaa ilikaa motoni karibu mara mbili ya ile ya gesi. Tulikuwa tumebadilisha mambo mawili kwa mpigo, moto na muda. Majani yakichemka zaidi hutoa rangi na ukali zaidi, na maziwa hukolea kadiri maji yanavyopungua. Je, ulimi wake ulikuwa umeonja makaa, au dakika?

Jumamosi iliyofuata binamu alishika saa. Gesi ikapunguzwa, na sufuria zote mbili zikakaa motoni dakika 20. Kwa macho, chai zilifanana kabisa. Safari hii Shangazi alisitasita, akarudia vikombe, akahamisha kimoja kutoka kulia hadi kushoto. Alipata viwili vya makaa na viwili vya gesi. Kati ya zile njia 70, 36 hutoa matokeo kama hayo.

Nikamwambia kwamba raundi moja haitoshi kusema hawezi kutofautisha, na nilimaanisha. Hakunijibu. Alikuwa akimtazama binamu.

"Huo moto uliupunguza kiasi gani?"

Binamu akamwonyesha. Shangazi akaenda jikoni, akawasha gesi yeye mwenyewe, akairudisha chini kabisa, akateleka sufuria. Akatuambia tusiguse kitu mpaka aseme.