Barakoa ya kima punju

Barakoa ya kwanza niliikata kwa kufuata picha. Mwanangu akaivaa, akatoka mbio kuelekea uani, na kwenye kizingiti akaanguka. Ana miaka 6. Nilipomnyanyua nikaona sababu: matundu yalikuwa yamepishana na macho yake. La kulia lilimwachia upenyo kidogo, la kushoto lote lilimtazamisha kitambaa. Goti lilichubuka, si sana, lakini nilikaa na ile barakoa mkononi mpaka saa 4 usiku. Nilikuwa nimeshamwahidi, na siku zilizobaki zilikuwa 5.

Skuli yao iliwatangazia wazazi kuwa Alkhamisi ile kila mtoto aje amevaa kama shujaa anayempenda. Mjini zipo barakoa za plastiki za mashujaa wa katuni, na sikukuu moja ya Idi niliwahi kumnunulia. Aliivaa robo saa tu. Uso ukarowa jasho, na ukingo wa plastiki ukamchora mstari mwekundu shavuni. Safari hii hata asingeitaka, maana shujaa wake hauzwi dukani. Alitaka kuwa kima punju.

Mwezi mmoja kabla tulikwenda Jozani, msitu wa hifadhi hapa Unguja. Kima punju asili yake ni hapa kwetu tu, na pale msituni wamezoea watu, wanakaa matawi ya chini unawaona vizuri: uso mweusi, pua na midomo yenye rangi ya waridi, nywele nyeupe zimesimama kuuzunguka uso, mgongo wa rangi ya kutu. Mwanangu alishika mambo mawili siku ile na hajayaachia. La kwanza, kwamba kima huyu hana kidole gumba cha maana, kimebaki kibutu, na bado anaruka mti hadi mti. La pili, kwamba anakula mkaa. Chakula chake kikubwa ni majani, na majani ya mti wa mkungu na ya muembe yana vitu vinavyosumbua tumbo. Mkaa unavinasa vile vitu, basi kima anashiba salama. Kwa mtoto wa miaka 6 hakuna nguvu inayoipita hiyo. Wengine wanaruka angani, wake anatafuna mkaa na haumwi tumbo.

Mama yangu, ambaye tunakaa naye Fuoni, hakufurahi. "Mtoto wa watu aende skuli kawa kima?" aliniuliza. "Wenzake watamwita kima mpaka amalize skuli ya msingi." Akanikumbusha na maneno ya zamani, kwamba wakulima walimwona mnyama huyu ana sumu, ndiyo maana ya hilo jina la punju. Sikumpuuza. Kumwita mtu kima au nyani kwetu ni tusi, na mtoto anayetukanwa mwaka mzima kwa sababu ya kitu alichoshona baba yake si jambo dogo. Nikamwita mwenyewe, nikamuuliza akichekwa atasemaje. Akasema, "Nitawaambia wale mkaa wao kama wanaweza." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, lete hicho kitambaa nikione."

Mama alishona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, kwa miaka mingi, tangu mimi mdogo. Ada za skuli na sare zangu nyingi zilitoka kwenye sindano yake. Siku hizi macho hayamsaidii kwa kazi ndogo, lakini mikono inajua. Mke wangu, mwenye cherehani, alikuwa Pemba kwa wazazi wake wiki hiyo. Kwa hiyo nilikuwa mimi, mama, na sanduku la nyuzi.

Alianza kwa kunipokonya picha. Akachukua gazeti, akalikunja katikati, akanambia nimkalishe mtoto juu ya kigoda nimpime. Nilipima upana wa uso kutoka kipajini upande mmoja hadi wa pili, mbele ya masikio: sentimita 20. Kutoka juu ya nyusi hadi ncha ya pua: 9. Kuzunguka kichwa: 51. Kipimo ambacho sikukifikiria kabisa mara ya kwanza ni kile cha kati ya mboni na mboni. Mtoto akitazama mbele bila kucheka (tulirudia mara nne) nilipata 5 kasoro kidogo. Picha yangu ilikuwa na 7.

Nusu ya barakoa nikaichora kwenye gazeti lililokunjwa, nikaikata, nikaifungua, na pande zote mbili zikawa sawa. Usikate tundu la jicho karatasi ikiwa usoni mwa mtoto, hata kama mkasi ni mdogo. Tulimwekea karatasi nzima, akafumba macho, nikapapasa kwa kidole gumba taratibu hadi nikahisi kishimo cha jicho, nikatia alama ya penseli pembeni yake. Karatasi ikatoka, ndipo nikakata mezani. Matundu yakawa na upana wa sentimita 4 na urefu wa 2 na nusu. Ni makubwa kuliko yanavyopendeza kwenye katuni, lakini mtoto anakimbia, anashuka ngazi, na anahitaji kuona pembeni na chini miguuni. Nikamtembeza na ile karatasi kutoka chumbani hadi uani na kurudi. Kizingiti akakivuka.

Kwa uso mweusi nilinunua kaniki Darajani, nusu mita, nafikiri kitambaa cha bei nafuu kuliko vyote dukani. Muuzaji akanipa na gamu, ile ngumu inayotiwa ndani ya kola za mashati. Bila gamu pamba hulegea, na barakoa iliyolegea inagusa kope. Mtoto anapepesa macho, anasugua, mwisho anaivua. Gamu ina upande mmoja wa kukwaruza wenye gundi. Upande huo unalazwa juu ya nguo, unawekewa kitambaa chenye unyevu, halafu pasi inakandamizwa na kunyanyuliwa, inakandamizwa na kunyanyuliwa. Ukiiburuta inapata mikunjo ambayo haitoki tena.

Kaniki ilitaka kuniharibia. Nilikuwa nimeshaipiga pasi, nimeshaichora kwa chaki, mama akalamba kidole akakisugua kwenye pindo. Kidole kikawa cheusi. "Na akitoka jasho?" akauliza. Kipande kile nikakiweka kando, nikatia kilichobaki kwenye beseni. Nilikifua mara saba. Maji ya kwanza yalikuwa kama wino, ya nne bado kijivu, ya saba yakatoka meupe. Hata hivyo sikuiamini, nikaweka bitana ya bafta nyeupe iliyotoka kwenye shuka kuukuu. Bafta iliyofuliwa miaka inakuwa laini, inanyonya jasho, na ngozi ya mtoto haigusani na rangi hata kidogo. Ushauri huu ningependa kila mzazi aupate kabla hajanunua nguo nyeusi: fua kwanza, kisha kata.

Tabu yangu kubwa ilikuwa kwenye ukingo wa macho. Mara ya kwanza nilikata matundu, nikajaribu kukunja upindo kwa ndani, na kwenye duara dogo upindo haukunjiki. Unajivuta, unapasuka, nyuzi zinachomoza na kumchoma mtoto jichoni. Nilimwonesha mama. Akacheka kwa sauti, jambo ambalo halifanyi mara nyingi siku hizi.

"Mwanangu, hiki ni kiua tu. Kiua kikubwa."

Akanifundisha vile vile anavyofanya kwenye kofia. Hukati kwanza. Unaunganisha tabaka zote, kaniki, gamu na bafta, kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, ili zisitembee. Unachora tundu kwa chaki. Nje ya mstari, nafasi ya kama milimita 3, unapita na mshono mdogo wa kuzunguka, mara mbili. Huo ndio unaoshika. Baada ya hapo ndipo unakata ndani, na nguo haina pa kwenda. Halafu unalaza uzi mnene wa pamba, umekunjwa mara mbili, juu ya ukingo uliokatwa, na unaufunika kwa mishono iliyobanana, sindano inatoka nje na kurudi ndani, kila mshono umekaa ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Ule uzi wa ndani ndio unaoipa ukingo ule mgongo wa mviringo unaouona kwenye kofia nzuri.

Jicho moja lilinichukua usiku mzima mpaka karibu na saa 6. Mama alikaa pembeni yangu. Hakuona mishono vizuri, alikuwa akiipapasa. "Hapa umeacha mwanya." Narudi nyuma. "Hapa umevuta sana." Narudi tena. Umeme ulikatika kidogo tukawasha taa ya simu. Miaka yote ya utoto wangu nilimwona amejiinamia juu ya kofia na sikuwahi kumuuliza hata mara moja mkono unakwendaje. Nilikuwa nacheza mpira. Jicho la pili nilimaliza kesho yake kwa saa mbili tu, na nilipompa alipapasa mzunguko wote bila kusema kitu, akanirudishia.

Pua ilikuwa rahisi zaidi. Barakoa bapa inabana pua na kuacha mwanya mashavuni. Mama akanihadithia barakoa walizovaa mabibi wa Kiarabu hapa Unguja zamani, zenye uti mgumu uliosimama juu ya pua ili nguo isishike uso. Neno lenyewe barakoa tumelirithi huko, kabla halijahamia kwenye zile za hospitali. Alitaka nitie chelewa, ule uti wa ukuti wa mnazi, katikati. Hapo sikumkubalia, kwa sababu chelewa ikivunjika karibu na jicho la mtoto ni hatari. Badala yake nilibana mkunjo katikati kutoka ukingo wa chini, urefu wa sentimita 3, upana wa 1 pale chini na kumalizikia kuwa si kitu pale juu. Barakoa ikajitutumua mbele kama pua. Juu yake nikashona kipande cha khanga ya waridi. Midomo niliiacha wazi ili apumue na aweze kunywa maji. Alilalamika kwamba kima ana midomo ya waridi, kisha akajitazama kwenye kioo akasema, "Aa, na mimi ninayo."

Nywele zilitoka kwenye kikoi cha marehemu baba. Kilikuwa kimechanika katikati na mama alikuwa amekihifadhi tu. Nilimwomba matamvua ya upande mmoja, na alikaa kimya muda kabla ya kukubali. Tulikata ukanda wenye matamvua, tukafungua yale mafundo, tukachomoa na nyuzi za kupita ili yawe marefu, halafu mtoto mwenyewe akayachana kwa kitana mpaka yakafura kama nywele. Ukanda ule tukauingiza baina ya kaniki na bitana, juu na mashavuni, kabla ya kufunga ukingo wa nje. Ilipokamilika, kwa mara ya kwanza ilifanana na yule wa Jozani.

Lastiki ya upana wa sentimita 1 niliikata kwa hesabu: kichwa 51, toa barakoa 20, inabaki 31, nikapunguza 4 ili ijivute, nikaongeza 1 kila upande ya kushonea. Mahali pa kuifunga ni usawa wa pembe ya jicho, ipite juu ya sikio. Niliiweka chini kidogo mwanzo, na barakoa ikawa inanyanyuka kipajini kila akiinama. Joho lake la khanga ya rangi ya kutu sikulifunga shingoni. Watoto wanavutana wakicheza. Nililibana mabegani mwa fulana kwa vifungo vya kubonyeza, likivutwa linaachia.

Alkhamisi asubuhi alimwamkia bibi yake akiwa ameshaivaa. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye macho, kwenye pua, akafika kwenye matamvua na kutulia hapo. "Nenda baba, Mungu akulinde," alimwambia.

Mchana alirudi barakoa ikiwa bado usoni. Alikuwa amekunywa maji nayo, amekimbia nayo, na bitana ilikuwa imerowa lakini uso ulikuwa safi, hakuna hata doa jeusi. Nikamuuliza kama kuna aliyemcheka. Akasema wawili walimwita kima, naye akawaeleza habari ya mkaa, na mmoja wao akataka kujua mkaa wa jikoni unafaa. Nikakaa naye chini kumweleza kwamba haufai, kwa kima ni sawa, kwa watu hapana, na jioni nikampigia simu mzazi wa yule aliyeuliza ili iwe wazi.

Kile kigazeti cha kipimo nimekihamishia kwenye boksi gumu. Dada yangu amekiomba kwa ajili ya binti yake, ambaye anataka kuwa paa nunga, yule paa mdogo wa msituni. Macho na pua nimeshamkatia kwa vipimo vyake, na viua anashona mwenyewe kwa mama kila jioni. Tumekwama kwenye pembe. Ni fupi, lakini lazima zisimame, na mama anasema tuzijaze sufi.