Msimamizi wa Saa ya Kulala

Wazazi hupenda kusema kwamba wamemzoesha mtoto utaratibu wa kulala. Kwetu utaratibu tuliuanzisha sisi, lakini anayeusimamia sasa ni binti yetu wa miaka miwili, tena kwa ukali ambao sisi hatukuwahi kuwa nao. Kuoga hutangulia, mswaki hufuata, kisha huja hadithi na kuzima taa. Na taa ni kazi yake, kiasi kwamba mtu mwingine akiizima kwa kusahau, haina budi kuwashwa tena ili aizime mwenyewe. Msomaji aliyechoka akiruka ukurasa, huyu asiyejua hata herufi moja ndiye anayemrudisha nyuma.

Mimi siuiti ukaidi. Mtoto wa umri huu hajui saa, na kumwambia kwamba ni saa mbili usiku hakumsaidii chochote. Anachokijua ni kwamba jambo hili huja baada ya lile, na mfuatano huo ukivurugwa, kwake ni kama usiku wenyewe haujafika.

Kuna pia kipande cha shuka kuukuu, ambacho hukishika kwa pembe moja tu na kujipapasa nacho juu ya mdomo. Kikifuliwa, hukinusa, akakunja uso na kukitupa. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza mwaka 1953 kwamba mama huacha kitu cha namna hiyo kichafuke kwa sababu anajua kukifua kunaweza kukiondolea maana yote kiliyo nayo kwa mtoto. Nakubaliana naye, ingawa pua yangu haijaafiki.

Ninachokipenda kuliko vyote huja taa ikishazimwa. Hapo huanza kuzungumza peke yake, bila kumwita mtu wala kungoja jibu. Hutaja aliowaona mchana, huchukua neno jipya na kuligeuzageuza, mara kwa sauti nyembamba, mara kwa kuvuta silabi ya mwisho, kisha huliunganisha na neno jingine lisilohusiana nalo kabisa. Mtaalamu wa lugha Ruth Weir alirekodi mazungumzo kama hayo ya mwanawe mdogo na kuyachapisha mwaka 1962, akaonyesha kwamba mtoto alikuwa akirudiarudia sauti na sentensi mithili ya mtu anayefanya mazoezi. Nikisikiliza nje ya mlango naamini hivyo, ila wangu huongeza kujikaripia kwa maneno yangu mwenyewe, hata toni haikosei.

Baadaye sauti hukatika katikati ya neno. Humkuta amelala kifudifudi, magoti ameyakunja chini ya tumbo na makalio yako juu, na kwa kuwa saa za mwanzo za usiku ndizo zenye usingizi mzito zaidi, naweza kumgeuza na kumfunika asishtuke.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, usingizi wa mchana ukiwemo. Huo wa mchana ndio unaonishangaza, maana haudai hadithi, wala shuka, wala swichi. Husinzia sakafuni kijiko kikiwa mkononi, na anayethubutu kumwanzishia utaratibu saa hizo hufukuzwa.