Kusoma tawasifu ya mhalifu aliyebadilika

Tenga sauti mbili: kijana aliyetenda na mtu mzima anayesimulia. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: tukio, mwaka, nani aliumia. Safu ya tatu ndiyo hubaki tupu, hasa kwa wanawake walionyonywa. Wengi hawatajwi hata jina. Mhoji mwandishi hapo, si kwenye toba ya sura ya mwisho (hiyo kila mmoja huipamba).

Halafu nani alishika kalamu? Tawasifu ya Malcolm X, mwanaharakati Mmarekani mweusi, iliyotoka 1965 baada ya kuuawa kwake, iliandikwa na mwandishi Alex Haley kutokana na mahojiano naye. Kukamatwa Boston mwaka 1946 na kuachiwa 1952 kuna rekodi rasmi. Ukubwa wa uhalifu wake Harlem, mtaa wa New York, mwanahistoria Manning Marable aliona umetiwa chumvi.